Mikorosho Imehesabiwa, Watoto Bado

Hotuba ya mwalimu mstaafu wa elimu maalumu mbele ya madiwani, walimu wakuu, wajumbe wa kamati za shule na wazazi, Masasi, mkoani Mtwara

Mheshimiwa Mwenyekiti, waheshimiwa madiwani, maafisa elimu, walimu wenzangu, wazazi wenzangu. Wakubwa zangu, shikamooni. Wadogo zangu, marahaba, hata kama hamjaniamkia.

Nimeombwa niseme namna serikali inavyoweza kuongeza nguvu katika elimu maalumu kwenye shule zetu za umma. Nimepewa nusu saa. Mwalimu akishastaafu hana tena kengele, kwa hiyo Mwenyekiti ukiona nimepitiliza, nigongee meza.

Naanza na korosho. Humu ukumbini kila mtu ama analima korosho, ama ameoa kwa mkulima wa korosho, ama anaidai AMCOS, chama chetu cha ushirika. Tutaelewana.

Misimu hii ya karibuni salfa, dawa ya mikorosho, imetufikia kwa ruzuku. Ili uipate ulisajiliwa kwanza: jina lako, kijiji chako, ukubwa wa shamba, idadi ya mikorosho. Hukupewa sawa na jirani yako eti kwa sababu nyote mna vichwa. Miti yako ndiyo iliyotazamwa. Na ukishafika shambani huigawi kijiko kwa kijiko ili kila mti uridhike. Mti ulioanza kupiga weupe wa ugonjwa wa ubwiriunga unaurudia, mwingine unaupita. Sijasikia mkorosho ukilalamika kwamba mwenzake amependelewa.

Sasa nawauliza watendaji wa vijiji mliomo humu. Kijijini kwako watoto wasioona ni wangapi? Viziwi? Wenye mtindio wa ubongo? Nimeuliza swali hili kwa zaidi ya miaka thelathini, Mtwara hii na Lindi, tangu Nanyumbu mpaka Liwale. Mikorosho naletewa kwenye karatasi yenye mhuri. Watoto naambiwa, "Wapo wapo mwalimu, kama wawili hivi."

Sensa ya 2022 ilitukuta Mtwara watu 1,634,947, na wenzetu wa Lindi 1,194,028. Sensa hiyo hiyo ilionesha kwamba, kwa nchi nzima, katika watu wa umri wa miaka 7 na kuendelea, asilimia 11.2 wana ulemavu wa namna fulani. Najua mtaniambia wazee wamo humo, na magoti yao na mtoto wa jicho. Ni kweli, watoto peke yao ni wachache zaidi. Lakini fungua takwimu za shule za msingi za Tanzania: wanafunzi wenye ulemavu hawafiki hata mmoja katika kila 100. Waondoe wazee wote unaotaka kuwaondoa, hesabu bado haifungi. Watoto hao wapo mahali. Wengi nimewakuta uani, wamekalishwa kwenye jamvi wafukuze kuku kwenye mpunga ulioanikwa, na mama mtu anamwambia mgeni, "Huyu hajambo, anatusaidia."

Na sisi wa kusini tuna jambo letu la ziada. Uandikishaji wa darasa la awali na la kwanza tunaufanya mwisho wa mwaka, Oktoba, Novemba, Desemba. Mzazi wa Tandahimba miezi hiyo yuko wapi? Anaokota korosho, au yuko foleni ya ghala. Mtoto anayetembea atajipeleka mwenyewe shuleni na dada yake. Mtoto asiyetembea atangoja msimu uishe, na msimu ukiisha, uandikishaji umeisha. Haya ni makosa ya kalenda tu. Hayahitaji Bunge.

Niingie kwenye fedha, maana najua ndiko mnakoningojea.

Serikali hupeleka shuleni ruzuku ya uendeshaji, ile mnayoiita kapitesheni. Kwa shule ya msingi ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi mmoja kwa mwaka. Kiwango hiki kina historia, na historia yenyewe inatuhusu, kwa sababu kilipangwa wakati wa Rais Mkapa, mwana wa Lupaso, hapa hapa Masasi. Ada ya shule ya msingi ilifutwa 2001, na 2002 ukaanza MMEM, Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi. Ruzuku ikawekwa dola 10 kwa mtoto, na wakati ule dola 10 zilikuwa kama shilingi 10,000. Mwaka 2016 elimu bila ada ilipoanza, kiwango kilikuwa kile kile, na fedha zikaanza kuja moja kwa moja kwenye akaunti ya shule, jambo ambalo walimu wakuu humu mtanikubalia lilikuwa zuri sana. Sibezi. Nimefundisha kabla ya hapo, najua shule ya kuungaunga inavyokuwa. Ila leo dola moja inazidi shilingi 2,400. Zile dola 10 za mwana wa Lupaso zimebaki kama 4.

Na hizo 10,000 hazifiki zote mkononi mwa mwalimu mkuu. Utaratibu wa elimu bila ada ni kwamba 6,000 zinakuja shuleni na 4,000 zinabaki juu kwa ajili ya vitabu. Sasa tupige hesabu ya kitengo, yaani darasa la watoto wenye mahitaji maalumu ndani ya shule ya kawaida. Nichukue mfano wa watoto wasioona 14. Mara 6,000, unapata shilingi 84,000. Kwa mwaka mzima. Mtoto asiyeona anaandika kwa mashine ya nukta nundu, ile Perkins, na moja inauzwa zaidi ya shilingi milioni moja na nusu. Kitengo hicho kikiziweka zile 84,000 zote kwenye kibubu, kisinunue chaki wala karatasi, kitapata Perkins moja baada ya karibu miaka 18. Mtoto aliyeanza darasa la kwanza na miaka 7 atakuwa na miaka 25, huenda naye ana mtoto wa kuandikisha.

Nitendee haki wizara: mashine hazinunuliwi kwa kibubu. Wizara hununua vifaa na kuvigawa, nimevipokea kwa mikono yangu na kuvisainia. Lakini mfano ule unaonesha mahali akili ya bajeti ilipolala. Mtoto anayeona na mtoto asiyeona wamewekwa sahani moja, kipimo kimoja, halafu tofauti yao tunaiachia mgao wa mara moja moja na wafadhili. Daftari la mtoto anayeona lipo kila duka kuanzia hapa mpaka Mangaka. Karatasi nene ya nukta nundu, nionesheni duka moja la Masasi linaloiuza. Kitabu kimoja cha kawaida kikigeuzwa nukta nundu kinakuwa mafungu kadhaa mazito, kabati zima linajaa somo moja.

Na Baraza la Mitihani limeshalikubali jambo hili zamani. Kila mwaka kabla ya mtihani wa darasa la saba mnasikia tangazo: watahiniwa wenye mahitaji maalumu wataongezewa muda, dakika 20 kwa kila saa katika Hisabati, na dakika 10 kwa kila saa katika masomo mengine. Hakuna mzazi aliyewahi kuandamana kwamba mtoto wake ameonewa. Kila mtu anaelewa kwamba kusoma kwa ncha za vidole kunachukua muda kuliko kusoma kwa macho. Siku ya mtihani, basi, tunapima kwa hitaji. Siku zote nyingine za miaka ile ya shule tunapima kwa kichwa. Ombi langu kwa serikali kuu, na waheshimiwa mtalipeleka kwa wabunge wetu, ni hili moja: fedha nazo zipimwe kama zinavyopimwa zile dakika. Mtoto asiyehitaji kifaa ahesabiwe mmoja. Asiyeona ahesabiwe kama watoto watano, au sita, wataalamu wapige hesabu yao kwa bei za kweli za sokoni, na kiziwi hivyo hivyo, na mwenye mtindio wa ubongo anayehitaji mtu wa kumlisha na kumbadilisha nguo. Fedha ziingie kwenye akaunti ya shule kama zinavyoingia sasa. Sihitaji mfuko mpya wenye ofisi na gari.

Niwape kisa cha Perkins, maana nikisema "vifaa" naona baadhi yenu mnasinzia.

Kitengo nilichokuwa nikifundisha tulikuwa na mashine nne. Perkins ni chuma kitupu, ina vitufe sita vya nukta na kimoja cha nafasi, ni kama taipureta ya babu. Ni imara, lakini hewa ya chumvi ya ukanda wetu haina heshima kwa chuma. Tatu zikafa. Tukazifunga kwenye viroba, tukazipakia kwenye buti la basi kwenda kutengenezwa Dar es Salaam. Zikakaa huko mihula miwili. Ikarudi moja, nayo ilikuwa haigongi nukta ya tano.

Nawaeleza maana ya kukosa nukta ya tano, mtanivumilia. Katika nukta nundu, herufi "e" ni nukta ya kwanza na ya tano. Ukiiondoa ya tano inabaki "a". Herufi "t" ukiiondolea nukta ya tano inakuwa "s". Kwa hiyo mtoto akiandika "pete" karatasi inasema "pasa". Akiandika "teta" inasema "sasa". Mwalimu mgeni aliyetujia muhula ule alimkosesha mtoto imla nzima, kumi kati ya kumi. Mtoto akalia, akasema, "Mwalimu, mimi nimeandika vizuri, vidole vyangu vinajua." Na kweli vilijua.

Siku moja nikaibeba ile mashine mpaka sokoni kwa fundi cherehani, mzee aliyezoea Singer za miguu. Aliigeuza, akaifungua, akaona kutu na springi moja iliyokatika. Akachomoa springi kwenye makorokoro yake, akaisawazisha, akatia mafuta. Kazi ya asubuhi moja. Alitoza elfu tano na soda. Nililipa mfukoni mwangu, kwa sababu nilipotafuta kwenye karatasi za shule kasma, yaani fungu la bajeti, ya "matengenezo ya vifaa vya elimu maalumu", haikuwepo. Serikali ilikuwa na fedha ya kununua mashine ya milioni na zaidi, lakini haikuwa na mlango wa kutolea elfu tano ya springi.

Mnaona? Tatizo si umaskini peke yake. VETA, chuo cha ufundi, tunayo Mtwara, tunayo Lindi. Kijana mmoja wa ufundi katika kila mkoa akifundishwa Perkins, na mwingine akafundishwa viti mwendo, tutaacha kupakia vyuma kwenye mabasi.

Na kwa kuwa nimetaja viti mwendo. Mgeni akija na kiti mwendo tunapiga picha, mtoto anakalishwa, wageni wanasimama nyuma yake, anaambiwa atabasamu. Mie nimo katika picha nyingi za namna hiyo, sijikwepi. Lakini tairi likipasuka mpiga picha hayupo. Shimesikio nazo ni hivyo hivyo: mtoto anavalishwa, anasikia sauti ya mwalimu, anashangaa, sote tunatokwa na machozi. Baada ya wiki chache betri imekwisha, kifaa kinawekwa kwenye kabati la mwalimu mkuu pamoja na kombe la UMITASHUMTA, michezo ya shule za msingi.

Tabia hii ina mizizi. Shule za kwanza za watoto wasioona na viziwi nchini zilianzishwa na makanisa: Buigiri kule Dodoma, 1950, kwa wasioona, Tabora, 1963, kwa viziwi. Mungu awalipe, hakuna aliyekuwa akifanya. Lakini tulipokea na mazoea yake, kwamba mtoto huyu ni wa sadaka. Tunasema "asiye na wake ana Mungu", kisha tunageuza ukurasa wa bajeti. Sheria zimeshabadilika siku nyingi. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ni ya 2010. Sheria hiyo inataka kuwe na kamati za watu wenye ulemavu kuanzia kijiji na mtaa. Sitauliza nani ana muhtasari wa kikao cha mwisho cha kamati ya kijiji chake, nisimwaibishe mtu.

Nije kwa walimu. Hapa nina kosa langu mwenyewe la kusema.

Nilipoanza kazi nilikuwa mwalimu wa kawaida, katika shule moja ya huku kwetu. Darasa la tatu nilikuwa na kijana aliyekuwa akinakili mistari miwili kutoka ubaoni, yenye makosa, halafu anaacha, anachora. Nilimwita mvivu. Nilimchapa. Nilimchapa zaidi ya mara moja. Siku moja chaki zikaisha shule nzima, nikalazimika kuuliza maswali kwa mdomo. Yule kijana akajibu yote. Nikadhani kuna mtu anamnong'oneza. Nikamwambia njoo mbele, soma neno hili lililobaki ubaoni. Akasogea, akasogea, mpaka pua ikashika vumbi la chaki. Ndipo akasoma.

Hakuwa mvivu. Hakuona. Alihitaji kukaa mbele na kuandikiwa herufi kubwa, na huenda miwani. Leo ni mtu mzima, ana watoto, tukikutana njiani ananiamkia kwa adabu zote. Mimi ndiye ninayeangalia chini.

Nasema hili kwa sababu watoto wengi wenye mahitaji maalumu hawamo uani. Wamo madarasani mwetu, wamekaa nyuma, tumewapa majina: mzito, mtoro, kichwa maji. Kuwapata hakuhitaji mashine kubwa. Chati ya herufi E, muuguzi wa zahanati, siku moja ya kila mwaka kwa watoto wote wa awali na la kwanza, macho na masikio. Anayeshindwa aandikiwe rufaa ya hospitali, Ndanda, Ligula, Sokoine pale Lindi, kutegemea yuko wapi, na nauli ya mtoto na mzazi iwe imepangwa, kwa sababu rufaa bila nauli ni karatasi ya kufungia karanga. Wenzetu Kenya wana vituo vya kupima na kuelekeza watoto wenye ulemavu tangu 1984. Sisi tumechelewa kwa hili.

Watoto wenye ualbino nao wamo katika hesabu ya macho, na wengi tunalisahau. Tunazungumza usalama wao na ngozi yao, ni sawa; kofia, mikono mirefu, mafuta ya kukinga jua, hata hospitali ya KCMC kule Moshi wanayatengeneza. Lakini ubaoni haoni. Mkalishe mbele, mbali na dirisha lenye mwanga mkali. Hilo ni la bure kabisa, nalitaja mara moja tu.

Mwalimu wa elimu maalumu mara nyingi anasomea Patandi, chuo cha ualimu kule Meru, Arusha. Kutoka hapa mpaka Patandi unavuka nchi kona kwa kona. Akirudi na cheti chake, nini kinampata? Ikama. Ikama, yaani idadi ya walimu ambayo shule inastahili, hupangwa kwa kuhesabu wanafunzi. Mwalimu mwenzake ana watoto 90 darasani, yeye kitengoni ana 12. Mwalimu mkuu anatazama, anaona huyu amekaa bure. Anampa Sayansi la tano na la sita, na somo jingine juu yake, kitengo anakiona alasiri watoto wakiwa wamechoka. Simlaumu mwalimu mkuu, ningekuwa yeye pengine ningefanya hivyo hivyo. Namlaumu aliyetengeneza fomu ya ikama bila kuweka safu ya kitengo. Mwalimu wa kitengo ahesabiwe kivyake, na asihamishiwe darasa la kawaida bila kibali cha afisa elimu maalumu wa halmashauri. Waraka wa ukurasa mmoja unatosha.

Kwa viziwi shida ni nzito zaidi, na hapa nitachukua muda kidogo, Mwenyekiti.

Mtoto asiyeona akija shuleni ana lugha. Anajua Kimakonde, Kiyao au Kimwera, Kiswahili cha kwao, hadithi za bibi, matusi, kila kitu. Mtoto kiziwi aliyezaliwa katika nyumba ya wanaosikia anaweza kuja na miaka tisa bila lugha yoyote. Ana ishara kumi na tano za nyumbani: maji, ugali, choo, njoo, utapigwa. Hana neno la "jana". Hana neno la "kwa nini". Kila mwaka anaokaa nyumbani anapoteza kitu ambacho bei yake kukirudisha baadaye ni kubwa mno. Halafu tunampeleka kwa mwalimu ambaye Lugha ya Alama ya Tanzania aliisoma wiki chache chuoni. Wote wawili wanajifunza alfabeti pamoja. Nimeona vitengo ambapo mwanafunzi wa darasa la sita ndiye mkalimani wa mwalimu.

Kwa viziwi, basi, umri wa kuanza ndio mpango mzima. Awali, si la kwanza. Na mzazi afundishwe alama pamoja na mtoto, na CHAVITA, Chama cha Viziwi Tanzania, wana viziwi watu wazima wanaoweza kufundisha. Walipwe kama wakufunzi, wasipewe soda na asante.

Niwakumbushe kitu chetu. Ukifika wakati wa jando, nimeona kijana kiziwi akipelekwa na wenzake. Sijawahi kusikia mzee akisema huyu aachwe nyumbani kwa kuwa hasikii nyimbo. Anapewa mtu wa kumshika mkono, anafundishwa kwa vitendo, anatoka pamoja na wenzake, anachezewa ngoma ile ile, anavalishwa nguo mpya ile ile. Wale wazee hawakusoma Mkakati wa Taifa wa Elimu Jumuishi. Walijua tu kwamba kundi haliwezi kutoka pungufu, na walijua kwamba huyu mmoja anahitaji mtu wa ziada. Wakamtoa mtu huyo.

Maana siku hizi neno "jumuishi" limekuwa tamu mdomoni. Mkubwa mmoja aliwahi kunieleza kwamba elimu jumuishi ni nafuu, unafunga vitengo, unawachanganya watoto wote, basi. Kuchanganya si kujumuisha. Mtoto kiziwi kumweka nyuma ya darasa la watoto 90 bila mkalimani ni kumficha uani kwa namna nyingine, tofauti ni kwamba safari hii amevaa sare. Mimi napenda elimu jumuishi, lakini naiona inahitaji mwalimu wa kuzunguka: mmoja kwa kila tarafa, ana pikipiki, ana mafuta, Jumatatu yuko shule hii na mtoto mwenye uoni hafifu, Jumanne shule ile na mtoto mwenye usonji, anamwelekeza mwalimu wa darasa. Pikipiki bila kasma ya mafuta msininunulie, tunazo kadhaa tayari, kuku wanatagia.

Sasa mtasema, mwalimu, yote haya ni Dodoma, sisi Masasi tufanye nini? Kuna mtu atanitajia ile asilimia 2 ya mapato ya ndani kwa watu wenye ulemavu, kando ya 4 za wanawake na 4 za vijana. Hiyo ni mikopo ya vikundi, inarudishwa. Mtoto wa darasa la tatu hakopi.

Nina pendekezo dogo. Halmashauri inatoza ushuru wa asilimia 3 kwenye mazao ya biashara. Korosho ikiuzwa kwa shilingi 2,500 kwa kilo, na mwajua misimu mingine imepita hapo, ushuru ni shilingi 75 kwa kilo. Katika hizo 75 naomba shilingi moja. Mkulima hatozwi zaidi hata senti. Naichukua ndani ya kile ambacho halmashauri imeshakipata. Halmashauri ambayo kilo milioni 20 zimepita mnadani itakuwa na shilingi milioni 20. Hizo ni karatasi za nukta nundu, ni betri za shimesikio, ni mafuta ya pikipiki, ni nauli za rufaa, ni springi za fundi cherehani. Msimu mbaya zitashuka, najua, korosho ina hasira zake. Lakini iwe kasma yenye namba yake, ili diwani yeyote aweze kusimama kwenye baraza na kuuliza imetumikaje. Kitu kisicho na namba kwenye kitabu cha bajeti hakiulizwi.

Wenzetu wa Kilwa wana ushuru wa huduma wa gesi ya Songo Songo, wao watajua wenyewe shilingi yao waichomoe wapi. Mimi siwapangii.

Maoteo ya bajeti ya mwakani mnaanza kuyaandika baada ya wiki chache, na mkifika Februari au Machi mlango umefungwa. Kwa hiyo nimekuja na daftari. Hili hapa, nimelipiga mistari mwenyewe usiku: jina la kijiji, jina la mtoto, umri, anachohitaji, nani amemwona kwa macho. Sitaki takwimu ya "kama wawili hivi". Nimeanza na mtaa ninaokaa, nikaenda nyumba kwa nyumba na mjumbe wetu. Tulidhani tuna watoto watatu, tumeandika tisa. Mmoja anakaa nyumba ya tatu kutoka kwangu. Nimekaa mtaa ule miaka sita.

Daftari nitaliacha mezani kwa mtendaji wa kata. Watendaji wa vijiji, kabla hamjaondoka chukueni kila mmoja karatasi zake tatu, na naomba zirudi kabla ya minada kuchanganya.

Mwenyekiti, naona umeshika kalamu unataka kugonga. Kuna mama amekaa mlango wa nyuma, ana mtoto mkubwa mgongoni. Amenyoosha mkono tangu nilipotaja mtu wa kumlisha mtoto shuleni. Naomba katika maswali aanze yeye.